Neno na Nyongeza Yake

Kufundisha vihusishi vya Kiingereza kumenigharimu sauti yangu. Daktari mmoja wa Musoma aliniangalia kooni kwa taa, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu kwa kunong'ona, naye akasema "aa, mwalimu," kama fundi anayejua ugonjwa wa gari kwa kusikia mlio. Sauti niliyobaki nayo inakwaruza. Inatosha kushusha bei ya nyanya lakini haifiki dawati la nyuma. Mkiniuliza kama gharama hiyo ilikuwa halali, nitawaambia nimeipiga hesabu mara mbili na ningelipa tena, ila safari hii ningeomba nipunguziwe kidogo.

Nawaandikia ninyi mnaoshika chaki sasa, hasa mliopangiwa Kiingereza katika shule za kata huku kwetu, Butiama na Bunda. Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua, ni huohuo mnaolalamikia.

Mimi ni mtoto wa soko. Mama aliuza dagaa Bunda mjini, baba alishona nguo kwenye kibaraza cha duka la watu, na kabla sijajua kusoma nilishajua kusema, "Hiyo bei uliyotaja ni ya nani?" Nilipokwenda chuo cha ualimu ndugu zangu walidhani nitafundisha hesabu. Nilichagua Kiingereza kwa sababu niliona ni bidhaa ambayo kila mtu anaitaka na hakuna anayejua bei yake. Mtu wa soko akiona kitu cha namna hiyo hapiti.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa sekondari moja wilaya ya Butiama. Siku ya kwanza niliingia darasani na chaki mpya na kiburi kipya. Nilitaka kuwaonyesha watoto chanzo cha makosa yao yote kwa mkupuo mmoja. Nikaandika "kwa" katikati ya ubao, kubwa, nikaizungushia duara. Nikawaambia: sisi "kwa" yetu ni kama jembe, unalimia, unapalilia, unachimbia na kaburi. Mwingereza ana kifaa chake kwa kila kazi. Nikachora mishale. Kwa basi, "by". Kwa kalamu, "with". Kwa mwalimu, "to". Kwa shangazi, "at". Ubao ulipendeza sana. Watoto walinakili hadi mishale.

Wiki iliyofuata nikawapa jaribio. Mmoja aliandika anakuja shule "with foot", mwingine anaandika "by pen", na kuna aliyekwenda Musoma "at bus". Nilisahihisha hadi wino mwekundu ukaisha. Walikuwa wamenielewa vizuri kabisa. Walichoelewa ni kwamba yale maneno yote yana bei moja, kwa hiyo unachukua lililo karibu na mkono.

Palikuwa na mwalimu mkongwe wa Kiingereza pale, Mwalimu Mafuru, miwani yake imefungwa na uzi upande mmoja. Aliniona nimeinamia madaftari ofisini, akavuta kiti.

"Zaituni, mama yako anauza nini?"

"Dagaa, mwalimu."

"Anawauzaje?"

"Kwa kopo."

"Kopo tu?"

"Kopo na nyongeza. Asipotoa nyongeza nani atarudi?"

"Hiyo nyongeza anaipanga nani?"

"Mteja anadai, mama anatoa."

"Haya. Kiingereza nacho kinauzwa na nyongeza. Ila huko anayepanga ni mwenye duka, na ukidai nyingine hakupi. 'Afraid', nyongeza yake 'of'. 'Good', nyongeza yake 'at'. 'Depend', nyongeza yake 'on'. Usiuze neno peke yake, watakurudishia. Na usijisumbue kueleza kwa nini. Mwingereza mwenyewe hajui kwa nini, alizaliwa akayakuta."

"Mtoto akiniuliza je?"

"Mwambie mwenye duka amesafiri."

Kozi nilizohudhuria baada ya hapo zilikuwa na chai nzuri, lakini sikumbuki iliyonipa kitu kizito kuliko mazungumzo yale. Nikaanza kukusanya maboksi madukani. Chukueni la sabuni, msichukue la biskuti. La biskuti linang'aa na wino unateleza. Nilikata vipande vya ukubwa wa kiganja, upande mmoja neno, upande wa pili nyongeza yake. Kila Ijumaa darasa likawa soko. Mwanafunzi mmoja anasimama mbele na bidhaa zake, anainua kipande, anatangaza "Afraid!", na darasa zima linamlipa kwa sauti moja: "OF!" Hakuna anayesema peke yake, hakuna anayechekwa. Maneno kama "discuss" na "reach" tuliyaita mabahili. Hayatoi nyongeza, msiyadai.

Fundisheni kwanza yale wanayoyaishi. "On foot" ije kabla ya "by bus", maana miguu wanayo na basi wanaliona likipita. Na muombe radhi mapema kwa mwalimu wa chumba cha pili. Mwalimu wa Jiografia aliyekuwa jirani yangu aliniambia kwa miaka yake yote ya kazi hajawahi kushindana na kitu kama Ijumaa yangu, na Jiografia ina volkano. Sauti yangu ilianza kupotea pale, najua.

Baadaye nilihamishiwa shule moja ya Bunda mjini, nikarudi kukaa Manyamanyama karibu na mama. Huko ndiko nilikokutana na kibao.

Wengi wenu mmekipitia. Kipande cha ubao chenye kamba, kimeandikwa SPEAK ENGLISH. Anayesikika akiongea Kiswahili au lugha ya nyumbani anavalishwa shingoni, na hawezi kukivua mpaka amkamate mwingine. Atakayekutwa nacho jioni anasafisha vyoo. Walioweka utaratibu huo walidhani watoto watakuwa wanazungumza Kiingereza. Watoto walifanya biashara nyingine. Mwenye kibao alikuwa anamvizia mwenzake na kumkanyaga kidole cha mguu kwa nguvu, mradi tu alie kwa lugha ya mama yake. Hapo hapo kibao kinahama.

Kidato cha Kwanza B palikuwa na msichana anaitwa Nyangeta. Kwao ni Buswahili, kule Butiama, baba yake mkulima wa pamba na mihogo. Hapa mjini alikaa kwa shangazi yake, mtaa wa pili kutoka kwangu. Kazi zake za kuandika zilikuwa safi. Sauti yake sikuijua. Siku ya soko la Ijumaa midomo yake ilicheza pamoja na wenzake, lakini ukisogea karibu unakuta hakuna kinachotoka. Siku moja nilimwona kijana mwenye kibao akimkanyaga kidole hadi machozi yakamtoka. Nyangeta alimtazama, akafuta machozi, akaendelea kufagia. Hakusema hata "aa".

Mwalimu wa nidhamu, Mwalimu Maregesi, alikuwa mtu wa haki. Kila jioni aliandika aliyekutwa na kibao na wote waliokivaa siku hiyo. Muhula ulipofika mwisho tulikusanyika uwanjani, akasimama mbele na karatasi yake.

"Katika shule nzima," akasema, "kuna mwanafunzi mmoja tu ambaye hajavaa kibao hata mara moja. Mmoja! Huyu ndiye mwanafunzi wetu bora wa kuongea Kiingereza. Nyangeta Masatu, pita mbele!"

Makofi yakapigwa. Akapewa kamusi nene, mpya, yenye nailoni bado. Nikamwinamia Maregesi sikioni.

"Mwalimu, umewahi kumsikia huyu akiongea?"

"Kiswahili? Hata siku moja!"

"Na Kiingereza?"

Akafikiri. Nikaona wazo likimfikia taratibu, kama mgeni anayepanda mlima. "Mwalimu Zaituni," akasema, "usiniharibie sherehe."

Baadaye niliipitia hesabu yake mara mbili. Ilikuwa sahihi. Kibaya ni kwamba mkuu wa shule naye aliiamini, na pale pale akatangaza kwamba muhula ujao, kwenye mdahalo wa shule za mkoa mjini Musoma, atakayetufungulia ni Nyangeta.

Likizo haijafika katikati, akaja nyumbani kwangu na kamusi ameifunga kwenye kanga. "Shikamoo madamu." Ndipo nikaisikia sauti yake, nzito kuliko nilivyodhani.

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Nimerudisha. Si yangu. Sijaongea kitu."

"Kwa nini huongei? Kuandika unaandika."

"Maneno makubwa nayajua madamu. Ni hivi vidogo. Nikianza sentensi nakiona kile kidogo kiko mbele kinanisubiri, sijui ni 'on', sijui ni 'in', sijui 'at'. Basi nageuza."

"Unageuza unaenda wapi?"

"Nanyamaza."

"Si ungesema hata Kiswahili?"

"Kiswahili kina kibao."

Nikamwambia akae. Akakaa pembeni ya mkeka kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini. Akaniambia baba yake ameshatangaza habari ya zawadi Buswahili nzima, na amesema siku ya mdahalo atakuja Musoma mwenyewe.

"Nikienda nikasimama kama mti, namwaibisha mbele za watu. Bora niseme naumwa. Niache shule nikalime. Baba alikuwaga anasema shamba lipo, halimfukuzi mtu."

Msichana wa umri ule akirudi nyumbani hakai sana na jembe. Wageni wanaanza kupita, wanasifia mvua, wanasifia nyumba, halafu wanauliza huyu binti ni wa ngapi, na ng'ombe zinatajwa kabla uji haujapoa. Nilifundisha wenzake waliokwenda kwa njia hiyo. Nikaamua pale kwenye mkeka kwamba huyu hatoki.

"Kamusi kaa nayo," nikamwambia. "Ina kazi. Shule ikifunguliwa uje. Baba usimwambie lolote."

Siku ya kufungua nilikwenda kwa mkuu wa shule. Kwa wale ambao hamkukulia sokoni: mkitaka nusu, ombeni yote.

"Mkuu, niondolee kibao shule nzima."

"Haiwezekani."

"Basi Kidato cha Kwanza."

"Mwalimu, hicho ni kitu kilichopitishwa na kikao. Hapa si sokoni."

"Ndiyo maana hapa bei hazishuki."

Akacheka, na mtu akicheka ameshafungua mlango. Nikaingia. "Kipindi changu tu, Mkuu. Kwanza B. Humo ndani mtoto akisema Kiswahili, kibao navaa mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na jioni?"

"Sheria si ipo?"

"Vyoo, Mwalimu Zaituni?"

"Vyoo, Mkuu."

Akatazama dirishani upande wa vyoo vyenyewe, na nadhani kilichomshawishi ni hali yake. Akasema sawa, mpaka siku ya mdahalo, si zaidi.

Watoto hawakuamini. Siku ya kwanza walinivalisha kabla sijamaliza kuita majina. Nilikwenda nacho ofisini kunywa chai, nikakaa nacho kikao cha taaluma, nikatoka nacho getini. Mama muuza maandazi akanishika mkono, "Mwalimu, umeiba nini?" Jioni Maregesi aliandika jina langu, kwa mwandiko mzuri lazima niseme, kisha nikachukua ndoo na fagio. Nilikuwa na nguvu zangu bado, na nilikuwa nimekusudia. Nilisugua kama mtu anayedaiwa.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Darasani kelele zilianza kubadilika. Walikuwa wanaanza kwa Kiingereza, wanakwama, wanamalizia kwa Kiswahili, wananitazama shingoni, wanacheka, wanaanza tena. Nyangeta hakucheka. Alinifuata kwa macho kila nilipokwenda na ile ndoo.

Jioni moja nimeinama nafunga kanga juu ya sketi nianze kazi, nikamwona amesimama mbele yangu. Maregesi yupo pembeni na karatasi zake. Nyangeta akanyoosha mkono.

"Give it to me, madam."

Nyongeza yake imo, tena mahali pake. Ningependa kuwaambia nilifurahi, lakini mtoto wa soko akiona mteja ameanza kutoa, anaongeza bei.

"Huwezi," nikamwambia. "Kibao ni cha aliyeongea Kiswahili. Wewe hujawahi."

Akanitazama. Akamtazama Maregesi. Halafu akapaza sauti, uwanja mzima ukasikia: "Basi naongea! Kiswahili hiki hapa! Mwalimu Maregesi, umenisikia? Nimeongea Kiswahili, andika jina langu!"

Waliokuwa wanacheza mpira walisimama. Maregesi alishika kalamu, haandiki. "Lakini wewe," akasema, "ndiye bingwa wangu."

"Andika, mwalimu."

Akaandika. Nyangeta akanivua kibao mwenyewe, akakivaa, akachukua fagio. Sheria haikukataza msaidizi, kwa hiyo tulisafisha wote wawili. Kule ndani tukafundishana vyote vilivyoonekana: maji yako "in" nini, fagio limeegemea "against" nini, inzi katua "on" nini. Inzi alisaidia sana, hakutulia mahali pamoja. Nawapendekezea vyoo kama chumba cha vihusishi. Vifaa vipo vya kutosha na hakuna anayekuja kuwasumbua.

Kuanzia hapo alikuja kwangu kila alasiri. Nilimfundisha mambo mawili tu, na hayo ndiyo ninayowaachia. La kwanza: usianze safari huku unatafuta kile kidogo. Kinunue pamoja na kikubwa, mfuko mmoja. Husemi "afraid" halafu ukaenda kuuliza. Unasema lote mkupuo, kama unavyosema Manyamanyama bila kupumzika katikati. La pili: ukikosea, tembea. Hilo la pili lilikuwa gumu. Akikosea alikuwa anasimama, anarudi mwanzo wa sentensi, anaanza upya, na akifika palepale anasimama tena. Nilikuwa nampigia meza: "Tembea! Tembea mama, nyuma hakuna kitu!" Mama yangu alikuwa ndani anachambua dagaa, akauliza, "Huyo mtoto anafukuzwa na nani?"

Siku ya Musoma mkuu wa shule alikodi gari, nusu ya Kwanza B wakaenda kushangilia. Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi wa shule nyingi, feni haizunguki, upepo wa ziwa unaishia mlangoni. Nyangeta alikuwa amekaa mbele na wasemaji wengine. Baba yake, Mzee Masatu, alinitafuta akaja kukaa karibu nami. Alivaa koti zito la sikukuu na jasho lilikuwa linamtoka, lakini hakulivua. Kiingereza hakijui.

"Mwalimu," akaniambia, "utakuwa unaniambia anachosema."

"Nitakuambia mzee."

Nyangeta akaitwa. Akapanda. Akashika kipaza sauti, akanyamaza. Akanyamaza hadi watu wakaanza kugeukiana. Mkuu wa shule, mstari wa mbele yangu, alishusha kichwa. Mimi mikono yangu niliikalia.

Halafu akaanza. Alisema jina lake. Alisema anatoka Buswahili, kukapita kicheko kidogo, akakiacha kipite. Akasema muhula uliopita shule yake ilimpa zawadi ya kuongea Kiingereza, na kwamba ukweli ni kuwa hakuongea Kiingereza wala kingine chochote. Maregesi akakohoa. "I did not speak," akasema, "because I was afraid from..."

Hapo Kwanza B, wote waliokuwa kule nyuma, kwa ile sauti ya Ijumaa, bila kufikiri, kama mteja anayedai chake: "OF!"

Ukumbi ulilipuka. Walicheka shule zote, wakapiga madawati, wakarudia "of! of!" kama mbwa. Watoto wangu wenyewe walishika midomo, hawakukusudia. Neno lilikuwa limetangazwa, wakalipa. Ndivyo nilivyowafundisha.

"Wanacheka nini?" akauliza Mzee Masatu.

"Amekosea neno."

"Wanamcheka yeye?"

"Wanamcheka."

"Na wale wanaopiga kelele nyuma?"

"Ni darasa lake. Wamemsaidia."

Nyangeta alikuwa amefunga mdomo. Nikamwona anaangalia mlango, ule wa pembeni. Mlango ulikuwa karibu naye, na uko wazi. Nikasema kimoyomoyo tembea, tembea mama.

Akageuka, akaangalia nyuma, walipo wenzake. "Thank you," akasema. Kisha taratibu, kama mtu anayeinua kipande cha boksi: "I was not good..." Akasimama. Alisimama kwa makusudi.

"AT!"

"...at mistakes. I depended..."

"ON!"

"...on keeping quiet. Now I am tired..."

"OF!" Safari hii walijibu na watu wa shule nyingine.

"...of it," akasema, na akaingia kwenye hoja yenyewe, kama wasichana wa mbali wapewe mabweni au waendelee kukaa kwa ndugu. Humo alikosea sana. Niliyahesabu makosa mwanzoni, kazi ni kazi, halafu nikaacha kwa sababu yeye alikuwa hayahesabu. Alikanyaga vihusishi kushoto na kulia na hakurudi nyuma hata mara moja.

"Bado anaongea?" akauliza baba yake.

"Sikiliza mwenyewe, mzee."

Akasikiliza. Hakuelewa neno, lakini aliinama mbele mpaka koti likamkaba shingo.

Alipomaliza, jaji mkuu aligonga meza. Akasema kanuni ni wazi: msemaji akisaidiwa na watazamaji hapati alama. Shule yetu, sifuri. Mkuu wa shule akageuka polepole kunitazama, na nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

"Amepata ngapi?" akauliza Mzee Masatu.

"Sifuri, mzee. Kwa sababu amesaidiwa."

Akalifikiria hilo. "Mimi mwaka jana majirani walinisaidia kupalilia," akasema. "Pamba niliuza mimi." Akasimama, akavua koti hatimaye, akalikunja juu ya mkono. Binti yake alikuwa anakuja kati ya viti, wenzake wamemzunguka, wote wanaongea kwa pamoja. Mzee alimtazama toka juu hadi chini.

"Mwalimu, hii sketi imekuwa fupi. Huyu akiingia kidato cha pili atavaa nini? Niambie wanashona wapi, niwahi kabla sijarudi Buswahili."

Nilimwelekeza Bunda kwa baba yangu, bado anashona pale kibarazani.

Njiani kurudi mkuu wa shule alikaa mbele na dereva. Tulipoteremka akaniita pembeni. "Sifuri, Mwalimu Zaituni. Mkoa mzima umeona."

"Hesabu tena, Mkuu. Nusu darasa wamejibu mbele ya mkoa mzima, na hakuna aliyekosea."

Hakukubali wala hakukataa, ila zawadi ya kutovaa kibao haikutolewa tena, na Kidato cha Kwanza hakikuvalishwa mpaka alipohama. Aliyekuja baada yake alikirudisha. Nikaanza kununua upya, kutoka juu, "niondolee shule nzima." Kila mkuu mpya nilimpitia hivyo. Wengine walishuka bei, wengine hawakushuka.

Nyangeta alimaliza kidato cha nne. Sasa ana duka la dawa za mifugo Butiama, na akizungumza kwa simu na mawakala wa Nairobi vihusishi vyake vingine bado vinaangukia pasipo pake, na mzigo unafika.

Sasa nimestaafu. Alasiri nafundisha watoto wachache hapa kibarazani wanaojiandaa kuingia sekondari, nusu kwa sauti, nusu kwa vipande vya boksi. Yupo msichana mmoja kati yao. Huku kwangu hakuna sheria ya lugha, hakuna adhabu, hakuna wa kumkanyaga kidole. Nimemwambia aongee lugha yoyote anayotaka. Anatikisa kichwa kukubali, anaandika vizuri, anaondoka. Yule Nyangeta nilijua anaogopa nini, nikakivaa mimi. Huyu sijaona cha kuvaa. Nimemuuliza mama yake, anasema nyumbani anaongeaga mpaka wanamnyamazisha. Nimemuuliza yeye, ametabasamu.

Shule zitafunguliwa karibuni, na ataingia kwenye darasa la mmoja wenu, akae katikati, asisumbue mtu. Wapo kati yenu waliosomea mambo ambayo sisi hatukufundishwa. Nimeshatumia yote niliyo nayo, nikayarudia. Kwa hiyo naomba: aliyewahi kumpata mtoto wa namna hii, aniambie alianzaje, alimwambia neno gani la kwanza. Anakuja kila siku saa tisa. Nileteeni hilo neno kabla hajafika kwenu.